Jina la inchi yetu kwenye intaneti: nani anatusemea?

Ujumbe unaingia kwenye telefone saa mbili ya usiku. Unasema sosiete moja kubwa ya shaba ku Kolwezi inatafuta watu mia mbili: madereva, mafundi wa umeme, walinzi. Chini kuna anwani ya intaneti yenye kufanana sana na jina la ile sosiete, herufi moja tu njo imegeuka. Mutu anafungua, anaona picha za magari makubwa, anaona fomu ya kujaza. Mwisho wanamuomba feza kidogo "ya dosie", azitume kwa telefone. Anatuma. Kesho yake tovuti haipatikani tena, na namba waliyokuwa wanaongea nayo imezimwa.

Wandugu wasomaji, hiyo hadithi wengi wetu tunaijua. Kama haikutupata sisi wenyewe, ilipata shemeji ao mutoto wa jirani. Na kila mara watu wanauliza: nani aliiba? Sisi leo tunataka kuuliza ulizo lingine, lenye halisikiki sana: nani aliwapa wale wezi lile jina? Iko wapi ofisi yenye kuandika majina ya intaneti, nani anaweka sheria zake, na sisi watu wa migodi tunasemewa na nani pale ndani?

Wengine watasema hayo ni mambo ya wataalamu wa kompyuta. Hapana. Mushahara unaingia kwa telefone, bei ya kobalti tunaisoma kwa telefone, mutoto anajiandikisha ku université kwa telefone. Nyuma ya kila moja ya mambo hayo kuna jina, na nyuma ya jina kuna watu waliokaa kwenye meza na kukata shauri.

Kama CAMI, lakini ya majina

Tuanze na kazi yenyewe. Kila kompyuta yenye kutoa habari kwenye intaneti iko na namba yake. Hakuna mutu anaweza kushika namba zote hizo kichwani, kwa hiyo juu ya namba wakaweka majina. Mwisho wa jina, nyuma ya nukta, kuna herufi: .com, .org, .cd. Hizo herufi za mwisho njo mulango mukubwa. Na kuna daftari moja ya juu kabisa, ya dunia nzima, yenye kuonyesha kila mulango unashikwa na nani na kompyuta zake ziko wapi. Kama mulango haumo katika ile daftari, kwa intaneti haupo.

Watu wa migodi wataelewa haraka, juu tuko na CAMI. Cadastre haichimbi hata kilo moja ya shaba. Lakini yeye njo anaandika kipande fulani cha udongo ni cha nani, mpaka mwaka gani, na kwa masharti gani. Udongo mumoja hauwezi kuwa na permis mbili za namna moja. Jina la intaneti ni vilevile: mumoja akilishika, mwengine hapati. Mwenye kushika daftari, hata kama hana jembe, ana nguvu kuliko wenye majembe.

Daftari ya majina iko chini ya shirika moja lenye kuitwa ICANN. Lilianzishwa mwaka 1998 ku California, Marekani. Si serikali, na si sosiete ya kutafuta faida. Lenyewe njo linaweka kanuni za majina: nani anaweza kuuza majina, mulango mupya unafunguliwa kwa bei gani, mutu akiiba jina ao akilitumia kwa wizi anafanywa nini. Mpaka tarehe 30 mwezi wa tisa 2016, serikali ya Marekani ilikuwa na mukataba nalo juu ya ile daftari ya juu. Mukataba ulipoisha, uangalizi ukabaki kwa makundi yenye kuunda ICANN yenyewe. Tangu siku hiyo, ulizo la nani anakaa kwenye meza limekuwa zito zaidi. Mwangalizi wa zamani ametoka. Sasa wenye kuangalia ni wale waliomo ndani.

Kilichotupata sisi na .cd

Kabla ya kwenda mbali, tuangalie mulango wetu. Wazee wanakumbuka kama inchi hii iliitwa Zaïre, na mulango wake ulikuwa .zr. Mwaka 1997 inchi ikageuza jina. Herufi za inchi kwenye orodha ya dunia zikageuka kuwa CD, na mulango mupya .cd ukafunguliwa mwaka uleule. Ule wa zamani ukafutwa mwaka 2001. Watu wachache sana walijua, juu wakati ule vita vilikuwa vinakula inchi, na intaneti ilikuwa kitu cha watu wa ofisi chache za Kinshasa.

Kwa miaka mingi .cd ilikuwa mikononi mwa watu binafsi. Mwezi wa kwanza 2011, ICANN ilikubali mulango upewe kwa OCPT, ofisi ya serikali ya posta na telefone, yenye baadaye ikageuka SCPT. Watu wengi walifurahi, na walikuwa na sababu: mali yenye jina la inchi ilirudi kwa inchi.

Lakini kurudi kwa Leta haikuwa mwisho wa mambo. Mulango wa .cd unafanya kazi kwa musaada wa kompyuta zenye kujibu maulizo ya dunia nzima. Baazi ya zile kompyuta zilijulikana kwa jina moja lenye kuisha na .com. Jina la .com linalipiwa kila mwaka. Mwisho wa mwaka 2020, lile jina likaachwa bila kulipiwa, likaanguka sokoni. Mutafiti mumoja wa mambo ya usalama, mutu wa Sweden, akaliona na kulinunua mbele wezi hawajafika. Kwa feza ya kununua jina moja tu, akawa na uwezo wa kushika karibu nusu ya maulizo yote ya majina ya .cd. Angekuwa mutu mubaya, angeweza kupeleka watu kwenye banki ya uongo ao kusoma barua zao. Yeye akaandikia wahusika wa .cd mwanzo wa mwaka 2021, na hatari ikaondolewa.

Ndugu yetu mwenye amekwisha kuwa na permis anajua ile hali. Usipolipa droits superficiaires kila mwaka, carré inaanguka, na mwengine anangoja pale karibu. Tofauti ni kama hapa carré ilikuwa jina la inchi nzima.

Sisi hatuandike hayo ili kucheka mutu. Tunaandika juu ya jambo moja lenye lilitushangaza: habari ilitoka kwanza kwenye magazeti ya inchi za mbali, kwa Kiingereza. Hapa kwetu hakukuwa na mahali pa wazi penye banki, université, sendika ao mutu mwenye tovuti ya .cd angeweza kusimama na kusema: tunataka maelezo. Kosa la kusahau kulipa linaweza kupata kila ofisi ya dunia. Lakini ofisi yenye kuulizwa maulizo kila miezi sita haisahau sana. Hiyo njo faida ya kwanza ya watu kusemewa, na haina uhusiano wowote na heshima ya viti.

Kura 130 za bara nzima

Sasa twende juu, kwa ICANN yenyewe, juu hawa nao walitafuta namna ya kuwapa watu wa kawaida nafasi, na walichopata kinatufundisha.

Mwaka 2000 walijaribu jambo kubwa: uchaguzi wa dunia nzima, kwa kompyuta. Kila mutu mwenye anwani ya barua ya intaneti na miaka 16 angeweza kujiandikisha na kuchagua mujumbe wa sehemu yake ya dunia. Viti vilikuwa vitano. Watu 34,035 njo walipiga kura. Asia na visiwa vya Pacific: 17,745. Ulaya: 11,309. Amerika ya Kaskazini: 3,449. Amerika ya Kusini: 1,402. Na Afrika nzima, kutoka Cairo mpaka Le Cap: 130.

Mia moja na makumi tatu. Kwenye siku ya paie, mustari mumoja mbele ya banki ku Likasi uko na watu wengi kuliko hao. Mujumbe wa Afrika aliyechaguliwa, Nii Quaynor wa Ghana, alikuwa mutu wa kazi kweli, mumoja wa wale walioleta intaneti katika Afrika ya Magharibi. Hatuna neno juu yake. Lakini mutu wa Kipushi hakujua kama kuna uchaguzi, hakuwa na kompyuta ya kupigia, na matangazo hayakumufikia kwa lugha anayosikia.

Mwaka 2002 wakubwa wa ICANN wakaondoa ule uchaguzi. Sababu zao zilikuwa na kweli ndani yake: katika inchi fulani watu waliandikishwa kwa wingi ili mutu wao ashinde, na hakuna aliyeweza kuhakikisha nyuma ya kila anwani ya barua kuna mutu mumoja. Lakini dawa waliyochagua ilikuwa kali. Badala ya kutengeneza kura, waliitoa.

Leo baraza la ICANN liko na viti 16 vya kupiga kura. Vinane vinajazwa na kamati ya uteuzi, yenye watu wa makundi mbalimbali. Viwili ni vya wenye kazi ya majina kama .com, viwili vya wenye kushika milango ya inchi kama .cd, viwili vya wenye namba. Kimoja ni cha mukubwa wa kazi za kila siku. Na kimoja, tangu mwaka 2010, ni cha watumiaji wa kawaida. Serikali zinatoa mashauri, lakini hazina kura katika baraza.

Watumiaji wa kawaida wako na kamati yao ya watu 15, ALAC, watatu kwa kila sehemu ya dunia. Chini yake, Afrika iko na muungano wake, AFRALO, tangu mwaka 2007. Muungano huo umejengwa na vyama vya kila inchi: vyama vya watumiaji, vya wanafunzi, vya mafundi. Hapo njo mulango wetu. Ni mudogo, lakini uko wazi, na kuingia hakulipiwi.

Nani anaumia kama hatuko pale

Mutu anaweza kuuliza: hata kama tungekuwa pale, kungegeuka nini? Tutoe mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa mulango .amazon. Amazon ni jina la mutu? Hapana, ni jina la mutoni mukubwa wa Amerika ya Kusini na pori lake. Lakini ni jina la sosiete ya biashara vilevile, na ile sosiete iliomba mulango. Brazil na Peru na inchi zingine za mutoni zikakataa. Mazungumzo yakaenda miaka saba, kati ya serikali upande mumoja na sosiete upande mwengine. Mwaka 2019 baraza la ICANN likaruhusu sosiete iendelee. Sisi watu wa inchi ya shaba tunajua ladha ya jambo hilo: jina la mahali ni la wenyeji, lakini karatasi iko kwa mwengine. Na kesho mutu akiomba jina la muji wetu ao la mutoni wetu, nani atasimama mapema? ICANN ilipanga kufungua tena maombi ya milango mipya mwaka 2026, na bei ya ombi moja imewekwa dola 227,000. Bei hiyo peke yake inaonyesha nani anangojewa.

Wa pili ni wa .org, mulango wenye vyama vingi vya kutetea wachimbaji, vya kanisa na vya haki za watu vinautumia. Mwaka 2019 ICANN iliondoa kipimo cha bei ya majina ya .org. Ilikuwa imeomba maoni ya watu. Yalifika zaidi ya 3,000, karibu yote ya kukataa. Kipimo kikaondolewa hata hivyo. Miezi michache nyuma, wenye kushika .org wakatangaza wanauza yote kwa sosiete ya wenye feza, kwa dola 1,135,000,000. Makelele yakawa makubwa sana. Mwisho wa mwezi wa nne 2020 ICANN ikakataa, nyuma ya mwanasheria mukuu wa jimbo la California kuandika barua kali. Tuangalie vizuri: maoni elfu tatu hayakugeuza kitu; barua ya mutu mumoja mwenye nguvu ya sheria iligeuza. Kuombwa maoni si sawa na kuwa na kura.

Wa tatu ni ule wa mwanzo, wizi wa kazi za uongo. Tangu mwaka 1999 kuna kanuni ya kunyanganya jina kwa mutu mwenye kuiga marque ya wengine. Lakini ile kanuni ilitengenezwa kwa ajili ya wenye marque. Kwenye ofisi ya Genève yenye kupokea nyingi za kesi hizo, mashtaka ya jina moja mbele ya mwamuzi mumoja yanaanzia dola 1,500. Sosiete ya migodi inaweza kulipa na kurudishiwa jina. Muchimbaji aliyeibiwa feza ya dosie hana mulango pale, hata akiwa na zile dola. Tangu mwezi wa nne 2024, wauzaji wa majina wanapashwa kuchukua hatua mutu akileta ushuhuda kama jina linatumiwa kwa kudanganya watu ili kuiba siri zao. Ni hatua nzuri. Lakini mashtaka yanaandikwa wapi, kwa lugha gani, na mutu wa Fungurume atajua namna gani kama haki hiyo iko? Kama mutu mumoja tu wa kwetu alikuwa kwenye meza wakati kanuni inaandikwa, ulizo hilo lingeulizwa.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Mujumbe ni nani?

Lakini tusidanganyane. Kuweka mutu kwenye kiti haitoshi, na sisi tunajua kuliko wengi. Katika sosiete zetu tunachagua delege wa sendika. Kuna delege mwenye akitoka kwenye mukutano na wakubwa anapita kwanza kwenye vestiaire kueleza wenzake. Na kuna yule mwenye siku ya pili tunamuona na gari. Wote wawili walipigiwa kura.

Ni vilevile kwa zile 0.3% za chiffre d'affaires, zenye Code minier ya mwaka 2018 inaomba sosiete zitoe kwa maendeleo ya vijiji. Sheria inataka wenyeji wawe na watu wao katika kusimamia zile feza. Vijiji vyenye viliuliza mapema "huyu alichaguliwa na nani, na siku gani?" viliepuka kelele nyingi. Na katika kooperative za wachimbaji wa mukono, wengi wanajua prezida wao kwa jina tu.

Kwa hiyo mujumbe, awe wa mugodi ao wa intaneti, anapashwa kujibu mambo matatu. Nani alikutuma? Unarudi lini kutueleza? Na tukikukataa, unatoka kwa njia gani? Mwenye hana jibu ni mugeni kwenye meza, hata kama anaongea lugha yetu.

Kuna jambo lingine, la kura za kutumwa. Ku Maurice iko ofisi ya Afrika ya kugawa namba za intaneti, AFRINIC. Si majina, ni namba, lakini ni ndugu yake. Kwa miaka ilikaa katika kesi na moja ya sosiete zenye kutumia namba zake, mpaka ikabaki bila baraza kamili, na mahakama ikaweka msimamizi. Mwezi wa sita 2025 wakafanya uchaguzi, na ukafutwa kwa ajili ya karatasi za kupigia wengine kura zenye zilitiwa mashaka. Ikawa lazima warudilie mwezi wa tisa. Mwenye amekwisha kuona mutu mumoja anaingia kwenye assemblée générale ya kooperative na karatasi makumi mbili mufukoni, akisema "hawa wote wamenituma", hatashangaa. Bara nzima iliangukia pale penye kooperative yetu inaangukia.

Tunachopendekeza kwa .cd

Juu ya ICANN tuna sauti ndogo. Juu ya .cd sauti inaweza kuwa kubwa, juu ni yetu. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi iko na Code du numérique. Ni wakati mzuri wa kusema mulango wa inchi uongozwe namna gani.

Hatutaki ofisi ya Leta iondolewe. Tunataka pembeni yake baraza lenye watu waliotumwa. Inchi zingine zimefanya. Sheria ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2002, yenye ilianzisha ofisi ya kusimamia .za, iliandika kama baraza lake lichukue watu wa sehemu mbalimbali: wa elimu na sheria, wa biashara, wa utamaduni na lugha, watumiaji wa intaneti, na hata wafanyakazi. Wafanyakazi! Inchi ya migodi kama yetu iliona kama sendika ina neno la kusema juu ya majina ya intaneti. Ku Kenya, mulango wa .ke unashikwa na shirika lisilotafuta faida, lenye serikali na watu wa kazi ya intaneti walilijenga pamoja.

Kwa sisi, baraza la watu kumi na mumoja linatosha. Serikali watatu. Wenye kuuza intaneti na majina wawili. Université na mafundi wawili. Na wane wa watumiaji: mumoja wa biashara ndogo, mumoja wa vyama vya raia, mumoja wa sendika, mumoja wa wachimbaji wa mukono na wakulima. Mashariki, magharibi, kaskazini na kusini wasikose. Kinshasa peke yake si inchi. Kila mumoja atumwe na kundi lake kwa kura ya wazi, akae miaka mitatu, arudilie mara moja tu. Mutu mumoja asibebe kura ya wengine zaidi ya moja. Kundi lenye kumutuma liweze kumurudisha nyumbani mbele ya wakati.

Baraza litoe kila mwaka karatasi moja fupi, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine, Kiswahili, Lingala, Ciluba na Kikongo: majina mangapi yameandikwa, feza ngapi zimeingia, zimetumika namna gani, na malipo ya kila kompyuta ya .cd yanaisha tarehe gani. Hiyo ya mwisho tunaikazia. Ingekuwa inasomwa mbele ya watu kila mwaka, mambo ya 2020 yasingetokea.

Wale wenye hawakubali

Tunasikia tayari majibu mawili.

La kwanza: muchimbaji hajui mambo ya DNS, ataleta nini kwenye baraza? Tunajibu kama delege wa usalama kazini hajui kutengeneza mashini ya kutoboa mawe, lakini anajua wapi jiwe linaangukia watu. Mafundi wabaki na ufundi. Mambo ya nani anapewa jina, bei gani, na mwizi anafungiwa kwa haraka gani, si ufundi peke yake, ni haki.

La pili ni zito zaidi: .cd ni mali ya inchi, na inchi inasemewa na serikali iliyochaguliwa. Kuleta makundi mengine ni kupunguza uhuru wetu. Tunaheshimu neno hilo, juu tunajua bei ya uhuru. Lakini tangu mwaka 1994, katika kanuni za kwanza zenye Jon Postel wa Marekani aliandika, mwenye kushika mulango wa inchi aliitwa mwangalizi kwa faida ya watu wa inchi ile, na hakuitwa mwenye mali. Kaka mukubwa mwenye kuachiwa nyumba ya baba hapunguziwi ukubwa kwa kuonyesha wadogo hesabu. Anaupata.

Cha kufanya tangu sasa

Sheria zinakawia, lakini mambo mengine hayangoji mutu wa Kinshasa.

Kama uko katika sendika, ao kooperative, ao chama cha wamama wa wachimbaji, leteni ulizo hili kwenye mukutano unaokuja: nani anatusemea juu ya intaneti? Chama chenye kufanya kazi ya watumiaji wa intaneti kinaweza kuomba kuingia katika AFRALO, na Kifaransa kinatumika kwenye mikutano ya ICANN. Mikutano yenyewe inazunguka dunia. Mwezi wa sita 2024 mumoja ulifanyika Kigali, mahali karibu kabisa na Goma. Wenye kufuata wanaweza kusikiliza kwa telefone bila kusafiri, kama mega ziko.

Kijana mwenye anajua kompyuta asisikilizwe tu wakati telefone ya baba imekwama. Apewe kazi: asome, arudi, aeleze kwa Kiswahili chenye mama anasikia. Mujumbe anaanza hivyo.

Na kuhusu ule ujumbe wa saa mbili ya usiku: usitume feza. Soma jina kutoka mwisho kurudi nyuma, herufi kwa herufi. Kesho asubui, pita kwenye mulango wa ile sosiete, uliza mulinzi kama kuna kazi. Piga picha ya ile anwani na uipeleke kwa delege wako, hata kama hajui aifanye nini. Wakifika kumi wenye kuleta picha kama hizo, atalazimika kuuliza, na yule atakayeulizwa atalazimika kujibu.